Mistari haionekani, au fotoni zinakuja mbili mbili: utatuzi wa matatizo ya vyanzo vya fotoni moja kwenye tabaka moja la WSe2

Mwaka 2015 makundi kadhaa ya watafiti yalitangaza karibu kwa wakati mmoja kwamba tabaka moja la tungsteni-diselenidi (WSe2) lina vidoa vinavyotoa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja baada ya nyingine. Tangu hapo maabara nyingi zimejaribu kurudia kazi hiyo. Vifaa vyenyewe si vya ajabu: kigamba cha fuwele kilichobanduliwa kwa tepi, krayostati (chombo cha kupoza sampuli ndani ya ombwe), leza, darubini, spektromita (kifaa cha kutenganisha mwanga kwa rangi) na detekta mbili. Kwa hiyo wanaoanza ni wengi, na malalamiko yao yanafanana sana.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile inayotokea mara nyingi. Msimamo wangu nautaja mapema: kigamba hulaumiwa kupita kiasi. Mara nyingi kosa limo kwenye mwanga usiotakiwa, kwenye joto lililopimwa mahali pasipo pake, au kwenye saa ya detekta. Anza na unachoweza kukagua bila kufungua krayostati, maana kuifungua kunakula siku nzima na mara nyingine kunakula sampuli.

Namba za kubandika ukutani

Kwenye kelvini 4, eksitoni huru (jozi ya elektroni na tundu lake, isiyonaswa popote) ya tabaka moja la WSe2 hung'aa karibu na elektronivolti 1.75, yaani takriban nanomita 710. Mistari ya vyanzo vya fotoni moja, yaani vilele vyembamba kwenye wigo wa mwanga, hukaa chini yake kinishati, kwa kawaida kati ya nanomita 720 na 800. Upana wa mstari mmoja ni karibu milielektronivolti 0.1, ambao ni kama nanomita 0.05 tu. Mistari mingi ni jozi iliyoachana kwa milielektronivolti 0.7 hivi, kila mmoja ukiwa na polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) yake. Umri wa mng'ao (muda chanzo hukaa kabla ya kutoa fotoni) ni nanosekunde moja hadi kumi hivi. Kitu kinachoachana sana na namba hizi kinaweza kuwa ugunduzi, lakini kwanza kichukulie kuwa hitilafu.

Kabla ya kugusa chochote

Leza za nanomita 700 hadi 780 zinahadaa. Jicho linaziona hafifu huku nguvu yake ikitosha kuunguza retina. Leza ya daraja la 3B ivaliwe miwani iliyotengenezwa kwa urefu wa wimbi huohuo. Miwani ya leza ya kijani haikulindi hapa.

Heliamu kimiminika ikichemka, lita moja hugeuka takriban lita 750 za gesi, na gesi hiyo inafukuza oksijeni chumbani bila harufu wala rangi. King'ora cha oksijeni kikilia, toka. Usirudi kufunga valvu.

Detekta za aina ya maporomoko (ambamo fotoni moja huanzisha maporomoko ya elektroni) huharibika zikiwashwa taa ya chumba ikiwa inazifikia. Taa izimwe kwanza, ndipo detekta iwashwe, na kuzima kufuate mpangilio wa kinyume.

Dalili ya kwanza: kuna kilima kipana, hakuna mstari mwembamba hata mmoja

Hii, yaani mng'ao mpana wa kigamba unaofunika wigo, ndiyo inayoripotiwa zaidi, na mshukiwa wa kwanza ni joto. Kipimajoto cha krayostati kimefungwa kwenye shaba, wakati kigamba kimekaa juu ya kipande cha silikoni kilichobandikwa kwa gundi ambayo pengine haikushika. Skrini inasema kelvini 4, kigamba kiko kelvini 100. Achana na skrini, kiulize kigamba chenyewe. Kilele cha eksitoni huru kipo karibu na elektronivolti 1.65 kwenye joto la chumba, na hupanda kwa takriban 0.1 sampuli ikipoa. Pima kabla ya kupoza na baada ya kupoza. Kisiposogea kiasi hicho, mguso wa joto ni mbovu: safisha sehemu ya nyuma ya silikoni, paka gundi ya fedha safu nyembamba, kaza kishikio. Kipimo hiki kina mpaka wake. Chini ya kelvini 50 hivi kilele karibu hakisogei tena, hivyo kitakukamatia mguso uliokufa kabisa lakini hakitatofautisha kelvini 5 na 30. Na kwenye kelvini 30 vyanzo vingi vya WSe2 tayari vimefifia.

Mshukiwa wa pili ni leza yenye nguvu mno. Chanzo cha fotoni moja hushiba haraka: kikishatoa fotoni, lazima kisubiri kujazwa upya, kwa hiyo kuna kiwango ambacho hakivuki. Kilima kinachokizunguka hakina kikomo hicho, kinaendelea kukua kadiri unavyoongeza nguvu. Ukianza na mikrowati mia moja, mistari imezama. Punguza mara kumi, ongeza muda wa kamera, angalia. Punguza mara kumi tena. Mistari mingi hujitokeza chini ya mikrowati moja. Sijui kwa nini watu huona ugumu kupunguza nguvu pale ishara inapokuwa ndogo, lakini ni kosa linalorudi kila mara.

Baada ya hapo angalia kama ulikilenga kigamba kweli. Lenzi isiyorekebishwa kwa rangi huweka fokasi ya leza ya kijani mahali tofauti na fokasi ya mwanga wa nanomita 750. Unaona doa dogo zuri la leza, kumbe njia ya kukusanya mwanga inatazama mikromita chache juu yake. Rekebisha fokasi kwa kufuata ukubwa wa mng'ao wenyewe, usifuate sura ya doa la leza.

Pia kuna uwezekano kwamba hicho si tabaka moja. Tabaka mbili za WSe2 zina pengo la nishati lisilo la moja kwa moja na hung'aa hafifu zaidi. Kipimo cha Raman (mwanga wa leza unaorudi ukiwa umepoteza nishati kidogo kwa mitetemo ya atomu) kinamaliza ubishi: kilele kidogo karibu na sentimita kinyume 310 (kipimo cha nishati iliyopotea) huonekana kwenye tabaka mbili au zaidi, na hakipo kwenye tabaka moja.

Ukishavuka yote hayo, ndipo ufikirie kwamba kigamba hakina vyanzo. Vyanzo hivi hupenda mahali penye mkazo: mikunjo, kingo, viputo, na hasa juu ya vinguzo vilivyochongwa makusudi. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba ukikilaza kigamba juu ya safu ya vinguzo vya ukubwa wa nano, vyanzo vinajipanga juu ya vinguzo hivyo. Kigamba kilicholala tambarare kati ya tabaka mbili safi za boroni-nitridi ya heksagoni (hBN) kinaweza kuwa kizuri sana kwa kazi nyingine na kisikupe mstari hata mmoja. Pekua kingo na mikunjo kwanza. Kama una vinguzo, darubini ya nguvu za atomu itakuonyesha kama kigamba kimevikumbatia, kimetandazwa juu yake kama turubai bila kugusa chini, au kimetobolewa na ncha zake.

*Simama hapa:* usifungue krayostati ikiwa bado baridi ili urekebishe gundi. Unyevu utaganda juu ya sampuli na madirisha. Na kama shinikizo la chumba cha ombwe linapanda lenyewe wakati wa kupoza, zima upozaji na umwite fundi wa ombwe. Uvujaji kwenye chombo baridi unaweza kunasa gesi iliyoganda, nayo ikipashwa joto hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu.

Dalili ya pili: mistari ipo, lakini inatia shaka

Kuna mistari myembamba mno ambayo haina uhusiano wowote na WSe2. Uliouona kwenye picha moja ya kamera tu ni miale ya anga iliyogonga kamera. Piga picha mbili mfululizo, usiojirudia, uache.

Uliobaki ukihamisha leza nje ya kigamba unatoka kwenye silikoni, kwenye lenzi au kwenye leza yenyewe. Mtego mkubwa hapa ni Raman ya silikoni, iliyo kwenye sentimita kinyume 520. Ukitumia leza ya nanomita 532, mstari huo uko nanomita 547, mbali na njia yako, hivyo hujawahi kuuona. Siku unapobadili leza kwenda nanomita 710 ili kupunguza kelele, mstari uleule unahamia karibu na nanomita 737, katikati kabisa ya eneo la vyanzo. Raman ya WSe2 yenyewe, karibu na 250, inatua nanomita 723. Dawa ni kuisogeza leza nanomita mbili. Mstari wa Raman utaifuata leza hatua kwa hatua, wa chanzo utabaki palepale.

Leza za diodi nazo hutoa mwanga hafifu nje ya mstari wao mkuu, kwa hiyo weka filta ya kusafisha mbele ya leza kabla ya kitu kingine chochote.

Kama umefunika kwa hBN, kumbuka kwamba hBN ina vyanzo vyake vya fotoni moja, na tangu 2016 inajulikana kwamba baadhi vinafanya kazi hata kwenye joto la chumba. Pasha sampuli hadi kelvini 100. Mstari ukibaki imara, usiuite wa WSe2 kabla ya kuupima pia mahali ambapo kuna hBN peke yake.

Kipimo cha mwisho ni nguvu. Chora ukubwa wa mstari dhidi ya nguvu ya leza. Wa chanzo unapanda kisha unashiba. Wa Raman au wa uvujaji wa leza unapanda sawasawa bila kuchoka.

Dalili ya tatu: g²(0) inakataa kushuka chini ya 0.5

Hapa ndipo watu hukwama wiki nyingi, kwa hiyo tuende polepole. Kipimo ni kile cha Hanbury Brown na Twiss cha mwaka 1956: mwanga unagawanywa mara mbili, detekta mbili zinasubiri, na tunahesabu ni mara ngapi zimelia pamoja. Hesabu hiyo, ikilinganishwa na ya kubahatisha tu, ndiyo g²(0), na ikiwa chini ya 0.5 huchukuliwa kuwa chanzo ni kimoja. Fotoni moja haigawanyiki, kwa hiyo chanzo kamili kitatoa sifuri kwenye muda sifuri, na grafu itaonyesha bonde hapo. Ila detekta hazijui fotoni imetoka wapi. Zinahesabu kila kitu kilichopita kwenye filta, na namba unayoipata inapima njia nzima ya mwanga, chanzo kikiwa sehemu yake tu.

*Mwanga wa ziada.* Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa mbali. Chukua wigo uleule uliopita kwenye filta, pima sehemu iliyo ndani ya mstari na sehemu ya kilima iliyo chini yake. Iite ρ sehemu ya mwanga wote inayotoka kwenye chanzo. Hata chanzo kikiwa kamili, utapata g²(0) = 1 − ρ². Kwa ρ ya 0.7 jibu ni 0.51. Maana yake, asilimia 30 tu ya uchafu inatosha kukufelisha, ingawa kwenye wigo mstari unaonekana mrefu na wa kupendeza. Kwa ρ ya 0.9 jibu ni 0.19. Fanya hesabu hii kabla ya kuwasha detekta. Kama wigo unasema 0.5, usitegemee miujiza. Dawa: punguza nguvu iwe chini ya nusu ya kiwango cha kushiba, bana filta iwe na upana wa nanomita moja au pungufu, na jaribu leza iliyo karibu na nishati ya eksitoni ili kilima kipungue.

Hesabu za giza za detekta ni sehemu ya uchafu huohuo. Detekta yenye hesabu za giza mia tano kwa sekunde si tatizo kwa ishara ya elfu hamsini. Kwa ishara ya elfu mbili ni tatizo.

*Vyanzo viwili ndani ya filta moja.* Vyanzo viwili vyenye mng'ao sawa vinatoa 0.5 kamili, vitatu vinatoa 0.67. Spektromita yenye gratingi (bamba la mistari linalotenganisha rangi) ya mistari 300 kwa milimita huenda isitenganishe mistari iliyoachana nanomita 0.2. Weka gratingi ya 1200 uangalie upya. Mistari miwili si lazima iwe vyanzo viwili: zungusha polaraiza, na kama inapokezana kung'aa huku imeachana milielektronivolti 0.7 hivi, ni jozi ya chanzo kimoja. Hiyo haikudhuru.

*Saa.* Detekta ya kawaida ya maporomoko inaweza kuwa na mtikisiko wa muda (kukosea saa hasa fotoni ilipofika) wa pikosekunde 350. Detekta mbili kwa pamoja zinafika karibu 500. Kama bonde lako lina upana wa nanosekunde tano, hakuna neno. Lakini ukiongeza nguvu ya leza bonde linakuwa jembamba, kwa sababu chanzo kinajazwa upya haraka, na mtikisiko unalijaza. Bonde linalozidi kuwa na kina unapopunguza nguvu linaelekeza kidole kwenye saa au kwenye mwanga wa ziada. Kulipima kwa detekta za waya mwembamba wa superkonda, zenye mtikisiko wa makumi ya pikosekunde, kutakuambia ni lipi.

*Sifuri haipo unapoitazama.* Linaonekana la kitoto, lakini linatokea. Kebo moja ikiwa ndefu kuliko nyingine kwa mita moja, bonde limehama kwa nanosekunde tano. Tafuta sifuri kwa kupeleka mipigo ya leza dhaifu kwenye detekta zote mbili, andika namba yake, ndipo upime chanzo. Na usiwe na dirisha la muda lenye visanduku vipana kuliko bonde lenyewe.

*Detekta zinazoonana.* Detekta ya maporomoko inapopokea fotoni hutoa cheche ndogo ya mwanga. Cheche hiyo inaweza kurudi kupitia kigawa-mwanga na kuilisha detekta ya pili. Utaona vilele viwili vya ajabu, kimoja kila upande wa sifuri, kwa umbali unaolingana na urefu wa njia. Filta ya upana mdogo mbele ya kila detekta huziziba. Ukitumia faiba ndefu, vilele vinasogea mbali na bonde na unaweza kuvitambua.

*Leza ya mipigo.* Leza nyingi za mipigo hupiga mara milioni 80 kwa sekunde, yaani kila nanosekunde 12.5. Chanzo chenye umri wa nanosekunde nane hakijamaliza kung'aa mpigo unaofuata unapofika, vilele vinalaliana na kile cha katikati kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Shusha kasi hadi mipigo milioni 20 kama kifaa kinaruhusu. Vinginevyo pachika vilele vyote kwa pamoja kwenye fomula inayozingatia mkia wa kila kimoja. Kuna hitilafu nyingine ya mipigo ambayo ni ya kweli: ukisisimua juu ya pengo la nishati, mpigo mmoja unaacha akiba ya elektroni zinazokijaza chanzo mara ya pili baada ya kutoa fotoni ya kwanza. Alama yake ni kilele cha kati chenye kibonde ndani yake. Hapo punguza nishati ya leza ikaribie chanzo.

*Mizani.* Chanzo kinachowaka na kuzima kinaacha mabega yanayopanda juu ya 1 kwa mikrosekunde kadhaa. Ukiyachukua mabega hayo kuwa ndiyo 1, g²(0) inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Sawazisha kwa thamani ya mbali kabisa. Na ukisahihisha kwa kuondoa mwanga wa ziada, andika namba zote mbili, ghafi na iliyosahihishwa. Msomaji anayejua kazi ataitafuta ile ghafi.

Dalili ya nne: mstari unatangatanga, au unawaka na kuzima

Kwanza hakikisha ni mstari unaotangatanga, si meza. Chukua wigo kila sekunde moja kwa dakika kumi na uutandaze kama ramani ya muda. Mistari yote ikisogea pamoja upande mmoja, tatizo ni spektromita, joto au volti ya geti (elektrodi inayodhibiti chaji karibu na kigamba). Mng'ao wote ukipanda na kushuka pamoja bila rangi kubadilika, sampuli inateleza chini ya doa la leza. Subiri krayostati itulie saa kadhaa, kagua mtetemo wa pampu. Mistari miwili tu ikiruka kwa mpigo mmoja huku mingine imetulia, umepata zawadi: hiyo ni ya chanzo kimoja.

Mstari mmoja ukitangatanga peke yake, kuna chaji zinazohamahama jirani yake. Zinatoka kwenye mitego ya silikoni-oksidi iliyo chini, kwenye mabaki ya polima ya uhamishaji, na kwenye elektroni zinazozalishwa na leza yako. Kwa mpangilio wa urahisi: punguza nguvu, hamia leza ya nanomita 700 au 710 badala ya kijani, pasha sampuli ndani ya ombwe ili mabaki yapungue, kisha, kwa sampuli inayofuata, weka hBN chini na juu. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ila haifanyiki kwa sampuli iliyoko ndani ya krayostati sasa hivi, kwa hiyo usiianze leo usiku.

Geti ya grafini inaweza kutuliza mazingira ya chaji zaidi. Panda kwa hatua ndogo na uangalie mkondo unaovuja. Kwa hBN ya nanomita 20, volti 10 tayari ni eneo la hatari, na ikishatoboka haiponi.

*Simama hapa:* mkondo wa uvujaji ukianza kukua wenyewe kwenye volti isiyobadilika, rudisha sifuri. Usijaribu tena kabla mtu mwenye uzoefu wa vifaa vya aina hiyo hajatazama nyaya na ardhi ya umeme.

Dalili ya tano: jana kiling'aa, leo kimefifia

Panga upya mwanga kabla ya kuomboleza. Sampuli husogea mikromita moja au mbili kati ya siku na siku, na doa la leza halina hata upana huo. Kama ni mng'ao wote wa kigamba uliofifia hata baada ya kupanga, tazama kama kuna gesi iliyoganda juu yake: pasha hadi joto la chumba chini ya ombwe, pampu usiku kucha, poza tena. Elewa tu kwamba kupasha na kupoza kunabadilisha mkazo. Mistari inaweza kurudi ikiwa imehama nanomita moja au mbili, na mingine isirudi kabisa. Kwa hiyo maliza vipimo muhimu vya chanzo kizuri kabla ya kupasha.

Ukiona tundu jeusi mahali leza ilipokuwa, umekiunguza. Hakuna matengenezo ya hilo.

Dalili ya sita: ni fotoni moja kweli, lakini hesabu ni chache mno

Kabla ya kukilaumu chanzo, zidisha hasara zako. Kwenye silikoni yenye oksidi, sehemu kubwa ya mwanga huelekea chini. Tuseme lenzi inakusanya asilimia 10. Madirisha, vioo na filta vinapitisha 50. Faiba inapokea 50. Detekta inanasa 60. Jumla ni asilimia 1.5. Pima kila hatua kwa kupitisha leza ya rangi ya chanzo na mita ya nguvu. Karibu kila mara utakuta sehemu moja inayokula zaidi ya zote, na mara nyingi ni mlango wa faiba.

Jambo linalosahaulika: chanzo kimoja kina polaraizesheni ya mstari, na gratingi ya spektromita haipendi pande zote sawa. Bamba la nusu-wimbi mbele yake linaweza kukuongezea mwanga mara mbili bila gharama ya maana. Detekta za silikoni pia hupoteza uwezo unapopita nanomita 800, kwa hiyo chagua vyanzo vya 730 hadi 770 kama una uchaguzi.

Marekebisho ya ndani zaidi ni ya sampuli mpya: kioo cha dhahabu chini ya kigamba chenye tabaka la kutenganisha kati yake, au kishimo cha mwanga (umbo linalonasa mwanga na kuuelekeza) kama gratingi ya duara. Hizo zinahitaji chumba safi. Mchongo ukihitaji asidi ya hidrofloriki, usiifanye peke yako, na usiifanye kabisa bila mafunzo na jeli ya kalisi glukoneti karibu. Asidi hiyo hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na hufika mfupani. Mpe kazi hiyo mtu wa chumba safi aliyeidhinishwa.

Dalili ya saba: vyanzo vinapotea nikipandisha joto

Ndivyo vilivyo. WSe2 ya kawaida ni ya makumi machache ya kelvini, na kupanda juu ya hapo kunahitaji usanifu maalumu. Kama mradi wako lazima uende kwenye joto la chumba, badilisha nyenzo, hBN ikiwa ya kwanza kwenye orodha.

Dalili ya nane: g²(0) ni safi, lakini fotoni mbili hazifanani

Umepata 0.05, ukaenda kwenye kipimo cha Hong-Ou-Mandel (fotoni mbili zinazofanana zikikutana kwenye kigawa-mwanga hutoka upande mmoja, hivyo detekta mbili hazilii pamoja), na bonde halionekani. Watu hutumia miezi wakipanga upya vioo vya interferomita. Fanya kwanza hesabu ya mstari mmoja. Chanzo chenye umri wa nanosekunde 5, kikiwa hakisumbuliwi na chochote, kingekuwa na mstari wenye upana wa mikroelektronivolti 0.13. Wako una 100. Awamu ya mwanga inavurugwa mamia ya mara kabla fotoni haijamaliza kutoka, na hakuna skrubu ya meza inayorekebisha hilo.

Ukaguzi wa meza unaofaa ni mmoja: pitisha leza yenyewe kwenye interferomita na uone kama mawimbi yake yanaingiliana vizuri, zaidi ya asilimia 95. Yakifanya hivyo, meza haina kosa. Kilichobaki ni kufupisha umri kwa kishimo cha mwanga, kusisimua chanzo kwa rezonansi (leza ya rangi ileile ya chanzo), na kuondoa chaji kwa hBN na geti, na hata hapo usitarajie asilimia za kufanana zinazofikiwa na vidoto vya galiamu-arsenidi, vyanzo vya fotoni vya nyenzo nyingine. Kama mradi unadai fotoni zinazofanana mwaka huu, zungumza na msimamizi wako kuhusu nyenzo kabla ya kuagiza vioo vingine.